Ada ya kuchapisha makala: nani anastahili kulipa?

Swali: Makala yangu kuhusu magonjwa ya mihogo imekubaliwa na jarida la ng'ambo, na sasa ninadaiwa dola 2,000 ili isomwe bure. Wenzangu wanasema majarida ya zamani, yanayolipiwa na maktaba, ndiyo yenye haki. Ni kweli? (Mtafiti wa uzamifu, Nairobi)

Jibu: Wenzako wanatazama bili moja tu. Jarida la zamani halimtozi mwandishi kwa sababu huitoza maktaba, na mimi niliye mkutubi huiona bili hiyo ikija kila mwaka kwa dola. Tusipoweza kulipa, mwanafunzi hushindwa kuifungua makala iliyoandikwa na mhadhiri wake mwenyewe. Ufikiaji huria, yaani makala kusomwa bure na yeyote, uliotangazwa Budapest mwaka 2002, ulikusudiwa kuondoa kizuizi hicho, lakini majarida mengi yamekitoa kwa msomaji na kumwekea mwandishi. Jarida la sayansi la Nature lilianza mwaka 2021 kutoza yuro 9,500 kwa makala moja inayotolewa huria, ilhali wahakiki, yaani wataalamu wanaoikagua makala kabla haijachapishwa, kama kawaida, hufanya kazi bila malipo.

Wachapishaji wengi wakubwa huwasamehe ada yote waandishi wa nchi ambazo Benki ya Dunia inazihesabu kuwa za kipato cha chini, na wale wa kipato cha kati cha chini hupunguziwa, mara nyingi nusu. Kenya ilipandishwa hadi kundi hili la pili baada ya pato la taifa kukokotolewa upya mwaka 2014 (mishahara ya wahadhiri haikukokotolewa siku hiyo), kwa hiyo huenda ukabakiwa na dola 1,000, yaani takriban shilingi 130,000. Kwangu mimi hapo ndipo penye dhuluma: kipimo ni pato la nchi nzima, na anayelipa ni mtafiti mmoja.

Kabla ya kulipa, chunguza kama jarida lako ni la mseto, yaani linauza usajili kwa maktaba na pia linatoza ada ya uhuria. Majarida ya namna hiyo mara nyingi hayatoi msamaha, lakini hukuruhusu kuchapisha bila ada kwa njia ya usajili, kisha ukaiweka nakala iliyokubaliwa, isiyo na mpangilio wa mchapishaji, katika hazina ya kidijitali ya chuo chako baada ya muda wa kusubiri, ambao kwa kawaida ni miezi 12. Kama ni huria kikamilifu, mwandikie mhariri leo kuomba msamaha, kabla hujatia sahihi mkataba, maana wengi hutaka ombi hilo liambatane na makala tangu inapowasilishwa, na wewe tayari umechelewa kidogo.