Kwa mnaoanza shahada ya maabara ya tiba

Wadogo zangu, najua wengi wenu mliomba udaktari kwanza. Alama hazikutosha au nafasi zilijaa, mkajikuta huku. Wapo watakaomaliza chuo wakiwa bado wanawatazama wenzao wa udaktari kwa uchungu, na nawasihi msiwe miongoni mwao. Matibabu mengi ya wodini yanasubiri karatasi inayotoka kwenye benchi lenu. Mkiipokea kozi hii kama kituo cha kupitia, mtaisoma nusu nusu, na atakayeumia ni mgonjwa ambaye hata hamtamwona sura.

Mwaka wa kwanza huelemea kwa wingi wa masomo kuliko ugumu wake. Anatomia, fiziolojia, bayokemia na mikrobiolojia huja kwa mkupuo, na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, humfanya mtu ameze noti na kupitia mitihani ya miaka iliyopita basi. Kwa majaribio ya mwanzo njia hiyo inaweza kukuvusha. Lakini jizoeze tangu sasa kuuliza, kwa kila hatua ya kila kipimo: hatua hii inafanya kazi gani, na ikikosewa majibu yatapotoka vipi?

Chukua tyubu za damu. Kila mtu hukariri kwamba yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA na ni ya kuhesabia seli. Anayeelewa anajua zaidi: EDTA huzuia damu kuganda kwa kuishika kalsiamu, na ndani ya tyubu hizo kwa kawaida huwekwa ikiwa chumvi ya potasiamu. Sasa mashine inakupa potasiamu 11 na kalsiamu iliyoshuka mno, ilhali mgonjwa amekuja kliniki kwa miguu yake na yuko kwenye foleni anazungumza. Kiwango cha kawaida cha potasiamu ni takriban 3.5 hadi 5.0 mmol kwa lita. Kwenye 11 moyo uko hatarini kusimama. Ukiziona namba hizo mbili pamoja, shuku kwanza kwamba damu ya tyubu ya zambarau ilimiminwa kwenye tyubu ya bayokemia. Unazuia majibu, unapiga simu wodini, unaomba sampuli mpya. Usipofanya hivyo, mtu anaweza kutibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Angalia ni masomo mangapi yamekutana hapo: kemia, fiziolojia ya moyo, uchukuaji wa sampuli. Ndiyo maana nasema msiyasome kila moja kwenye kisanduku chake.

Au slaidi ya malaria. Tone jembamba hugandishwa kwa methanoli, tone nene haliguswi na methanoli. Kwa nini? Kwa sababu kwenye tone nene tunataka seli nyekundu zipasuke ndani ya maji ya rangi ya Giemsa, ili damu nyingi ionekane kwa mkupuo na vimelea vichache visitukwepe. Kwenye tone jembamba tunataka seli zibaki nzima, tutambue aina ya kimelea. Ukilijua hilo, siku tone nene limegoma kusomeka utakumbuka kuuliza kama methanoli ililimwagikia. Vivyo hivyo kwa rangi ya Gram ya kutofautisha bakteria, tuliyo nayo tangu 1884: ukizidisha alkoholi, bakteria waliopaswa kubaki zambarau watapauka na kuonekana wekundu, na daktari ataandikiwa bakteria wasio wao.

Darubini haifundishiki kwa picha za simu. Kikundi kikiwa kikubwa, wachache hushika, wengine huchungulia na kupiga picha. Fika mapema, kaa karibu, na ukimaliza zamu yako mwombe fundi wa maabara akuachie slaidi za zamani uzirudie. Mafundi hawa wanajua mambo mengi yasiyo kwenye noti. Wasalimieni vizuri na muwaulize.

Hesabu za kuzimua nazo msizidharau. Jizoeshe mpaka uweze kuandaa myeyusho wa 1 kwa 10 bila kusita, kwa sababu kosa dogo hapo hubadilisha majibu ya kundi zima la sampuli.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, chagueni hospitali yenye kazi nyingi kuliko iliyo karibu na nyumbani, kama nauli na malazi vinaruhusu. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B mkamilishe dozi zote kabla ya kugusa sampuli za wagonjwa. Kama chuo hakijawakumbusha, kakumbusheni wenyewe.

Kuhusu utafiti wa mwaka wa mwisho: anza kumtafuta msimamizi mwaka mmoja kabla, chagua swali ambalo vitendanishi vyake (kemikali za kupimia) vipo tayari maabara, na peleka ombi la kibali cha maadili mapema iwezekanavyo, maana bila kibali hicho huruhusiwi kukusanya hata sampuli moja.