Uliza Tukujibu: Mwaka mpya wa Wachina umetokea wapi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mi nauza vifaa vya simu Kariakoo, mzigo natoa Guangzhou. Kila mwaka wakala wangu ananiambia "kaka tunafunga, mwaka mpya huo", alafu kimyaa wiki mbili tatu hata meseji hajibu. 2025 ilikua tarehe 29 Januari, 2026 ikawa 17 Februari. Hivi huu mwaka wao umetokea wapi na mbona haukai sehemu moja?
– Muuza simu, Kariakoo

JIBU: Pole na mzigo kaka. Tuanze na hilo la tarehe maana wewe unayengoja mwezi uandame ili ule Idi nusu ya jibu unalo tayari. Mwaka wa kuhesabu mwezi una siku kama 354, ndo maana Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka mpaka inazunguka masika, kipupwe, kaskazi, kote. Mchina naye anafata mwezi, ila zamani huyu ni mkulima bwana, akiuacha mwezi wa kupanda uteleze hadi uangukie kwenye barafu atakula nini? Kwa hiyo siku zikipungua sana anachomeka mwezi wa 13, anafanya hivyo mara 7 ndani ya miaka 19, na kwa ujanja huo mwaka mpya wake unacheza kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, hautoki hapo. We agiza mzigo wako Novemba ulale usingizi.

Sasa asili yake. Neno lao la mwaka ni nian, na lilivyochorwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe waliyopigia ramli enzi za wafalme wa ukoo wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, ni mtu kabeba nafaka. Yaani mwaka maana yake ilikua mavuno! Mavuno yakishaingia ghalani na baridi imekaza hakuna kazi shambani, watu wanachinja, wanawatolea sadaka wazee waliotangulia na miungu, na sadaka hiyo ya kufunga mwaka iliitwa "la", hadi leo mwezi wao wa 12 unaitwa mwezi wa "la". Mimi kwangu hapo ndipo sikukuu ilipozaliwa, mengine yote yamekuja kupandwa juu yake.

Shida ikawa wafalme, kila ukoo ukishika madaraka unahamisha mwezi wa kwanza ili ijulikane nani mkubwa, Qin wao waliuanza mwaka na mwezi wa 10. Mpaka mfalme Wu wa ukoo wa Han mwaka 104 KK akatengeneza kalenda mpya akaurudisha mwezi wa kwanza karibu na majira ya mchipuko, na hapo ndo umekaa mpaka leo, ukiacha vipindi vichache vifupi.

SWALI: Shuleni tumeambiwa kulikuwa na dubwana linaitwa Nian linatoka baharini kula watu, likakimbizwa na rangi nyekundu na fataki. Ni kweli?
– Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mombasa

JIBU: Hadithi tamu mdogo wangu na sikukatazi kuisimulia, ila ni changa, imeanza kuandikwa karne ya 20 tu. Cha kale ni hayo makelele. Zong Lin, mwandishi wa karne ya 6, anaeleza watu wa eneo ambalo leo ni Hubei wanaamka jogoo akiwika siku ya kwanza ya mwaka, wanatupa mianzi motoni mbele ya nyumba. Mwanzi ukipata moto ile hewa iliyofungwa ndani ya pingili inapasuka paa! na pepo wa milimani wanakimbia. Baruti imekuja baadae kabisa, ila jina la fataki kwa Kichina mpaka leo ni "mwanzi unaopasuka". Kwa hiyo dubwana limetungwa kueleza kelele ambazo zilikuwepo siku nyingi.

SWALI: Mbona wenyewe wanaiita sikukuu ya majira ya mchipuko na sio mwaka mpya?
– Msomaji, Bujumbura

JIBU: Siasa dada. 1912 jamhuri mpya ilichukua kalenda ya kizungu, cheo cha mwaka mpya kikapewa Januari mosi, ile ya zamani ikabatizwa jina hilo la mchipuko. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya China ya wakati huo, iliyokaa mji wa Nanjing, ikataka kuifuta kabisa, watu wakala sikukuu yao vilevile. 1967 ikafutwa likizo, 1980 ikarudi. Desemba 2024 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

SWALI: Nimesikia wana mungu wa jikoni wanampaka asali mdomoni, ni utani?
– Mama lishe, Morogoro

JIBU: Sio utani mama. Picha yake inakaa ukutani juu ya jiko mwaka mzima anawasikiliza mnavyogombana na kusengenyana, ikifika tarehe 23 au 24 ya mwezi wa 12 anapanda mbinguni kupeleka ripoti, sasa kabla hajaondoka wanampaka kitu kitamu chenye kunata mdomoni, ama maneno yatoke matamu ama mdomo usifunguke kabisa. Picha inachomwa moto, ndo safari hiyo, na mkesha wa mwaka mpya wanabandika nyingine. Huku kwetu tungesema kapewa chai.