Maswali yenu ya rolling: masoko mengi, dirisha moja

Maswali mengi yaliyoingia safari hii yanahusu pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali ya data, na ile rolling yake, yaani kupiga hesabu kwenye dirisha linalotembea juu ya data, sasa nimeyaweka pamoja tumalizane nayo, swali kwanza, jibu langu chini yake.

Mkuu, nina bei za mahindi za Kibaigwa, Iringa na Songea kwenye jedwali moja refu, soko moja chini ya lingine. Nikipiga rolling(7).mean() siku za kwanza za Iringa zinatoka kubwa ajabu. Data imeharibika?

Data yako iko poa, shida ni kwamba rolling haijui soko ni nini, yenyewe inahesabu mistari tu toka juu kwenda chini na ikifika Kibaigwa inapoishia haisimami, inaingia Iringa hivyohivyo. Chukulia gunia Kibaigwa lilikuwa 70,000 siku sita za mwisho halafu Iringa inaanza na 60,000, hapo "wastani wa Iringa" siku ya kwanza unakuja 68,571 wakati kule hakuna aliyeuza kwa bei hiyo. Na hailalamiki! Namba inatoka safi kabisa, ukiichora kwenye chati unaweza hata kuitungia maelezo. Panga kwanza kwa soko na tarehe, kisha (df ni jedwali lako):

`df['wastani'] = df.groupby('soko')['bei'].transform(lambda s: s.rolling(7).mean())`

Kuna wanaoandika groupby('soko')['bei'].rolling(7).mean() moja kwa moja, nayo sawa tu, ila majibu yanarudi na indeksi ya ngazi mbili, jina la soko limeongezwa mbele ya indeksi yako ya zamani, kwa hiyo kabla hujayarudisha kwenye jedwali itoe ngazi ya soko kwa reset_index(level=0, drop=True). Kukagua ni rahisi: mistari sita ya mwanzo ya kila soko inatakiwa iwe NaN, yaani hakuna thamani, ukikuta namba pale ujue masoko yamechanganyika.

Soko letu halifunguliwi kila siku, kuna siku hazina bei kabisa. Hiyo 7 ni siku saba au?

Ni mistari saba. Kama wiki moja ina bei tano na nyingine mbili, dirisha lako saa nyingine linashika siku tisa, saa nyingine karibu wiki tatu, na ukilinganisha na soko linalofunguliwa kila siku hapo unalinganisha vitu viwili tofauti. Ukitaka siku za kalenda andika rolling('7D'), hakikisha tarehe ni tarehe kweli sio maandishi, na zimepangwa, la sivyo inagoma. Kwa masoko mengi: `df.groupby('soko').rolling('7D', on='tarehe')['bei'].mean()`.

Ila hapa kuna mtego watu hawausemi. Ukiweka 7 tupu, pandas inadai thamani zote saba ndio ikupe jibu, ukiweka '7D' inaridhika hata na moja. Kwa hiyo unaweza kuwa na "wastani wa wiki" uliotokana na bei ya siku moja tu. Weka min_periods mwenyewe, yaani idadi ya chini ya thamani dirisha linazohitaji ndio litoe jibu, mimi kwa bei za soko huwa naweka 3 au 4.

Mimi kila soko lina safu yake, nipige lupu?

Hapana. df.rolling(7).mean() inapita kila safu kivyake. Angalia tu mapengo, NaN moja ndani ya dirisha na jibu lote linakuwa NaN kama hujagusa min_periods.

Nataka hesabu inayotumia safu mbili kwa pamoja, bei na idadi ya magunia, lakini apply, ile ya kupitisha fankisheni yangu mwenyewe kwenye dirisha, inanipa safu moja tu. Nifanyeje dada?

Hili ndilo linalotesa wengi. rolling().apply inaipa fankisheni yako safu moja moja, hata ukiiita kwenye jedwali zima, kwa hiyo ile ya pili haionekani kabisa ndani yake. Kabla ya kuhangaika jiulize kama hesabu inavunjika kuwa jumla ndogondogo, maana mara nyingi inavunjika. Wastani wa bei uliopimwa kwa magunia ni jumla ya bei mara magunia gawanya kwa jumla ya magunia, basi tengeneza safu ya bei*magunia, piga rolling(7).sum() kwake na kwa magunia, gawanya, umemaliza, hakuna apply wala lambda.

Ukitaka uhusiano wa masoko mawili, kila soko likiwa na safu yake, tumia `df['Kibaigwa'].rolling(30).corr(df['Iringa'])`. Ukiita df.rolling(30).corr() kwenye jedwali lote unapata kila soko na kila soko kwa kila tarehe, masoko 20 kwa siku 365 ni mistari 7,300, usishtuke. Na tafadhali tumia mabadiliko ya bei, yaani pct_change(), sio bei zenyewe, kwa sababu msimu wa mavuno bei zinashuka kila mahali na utadhani masoko yote ni ndugu.

Ikishindikana kote, NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, toka toleo la 1.20 ina sliding_window_view, inakukatia madirisha ya safu zote bila kunakili data. Siku za ndani ya dirisha zinakaa kwenye mhimili wa mwisho, hapo ndipo watu wanageuza hesabu kichwa chini miguu juu.

Natumia lugha ya R, rollapply ya kifurushi cha zoo inanifanyia hivyohivyo safu moja moja.

Weka by.column = FALSE. Halafu ukiwa unatabiri tumia rollapplyr, kwa sababu rollapply ya kawaida inaweka dirisha katikati, nusu yake iko kwenye siku ambazo hazijafika.

Apply yangu kwenye masoko 40 inachukua muda mrefu mno, ni laptopu?

Sio laptopu. mean na sum za pandas dirisha likisogea zinaongeza thamani mpya na kutoa ya zamani basi, apply inaita fankisheni yako upya kila mstari. Jaribu raw=True kwanza, inapeleka namba tupu bila kujenga Series (safu ya pandas) kila mara, na kama fankisheni yako ni wastani tu ulioandikwa kwa mkono, futa.