Kabla Hujapima Masikio ya Panya, Pima Chumba Chako

Mimi ni fundi wa sauti. Riziki yangu iko kwenye harusi: spika, amplifaya, waya zinazokanyagwa na watoto, na mama wa bibi harusi anayetaka taarabu isikike hadi ng'ambo ya Nyali. Basi mpwa wangu alipoingia dukani kwangu Majengo, Mombasa, na twita mkononi, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, akaniuliza, "Mjomba, hii yaweza kufika kHz 80?" nilicheka. Mtu mwenye masikio mazima huishia kHz 20, yaani mitetemo elfu 20 kwa sekunde. Wa umri wangu, aliyezeekea mbele ya spika, akifika 12 na ashukuru.

Kumbe mpwa wangu, mwanafunzi wa biolojia, alikuwa na panya weupe wa maabara wa kupima usikivu. Nilimsaidia karibu mwaka mzima, na tangu hapo wenzake hunitumia maswali yaleyale kwa WhatsApp. Naandika hapa mara moja, niwe nawaelekeza.

Kwanza karatasi. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na majaribio juu ya wanyama yanataka kibali. Usianze bila hicho, hata kama kazi yako ni kumpa panya karanga tu.

Sasa, kwa nini kHz 80? Nilidhani ni madoido ya wasomi, mpaka mpwa wangu akanionyesha baharini. Wimbi kubwa hupita kigingi cha kufungia mtumbwi kama vile hakipo. Viwimbi vidogo ndivyo hukwama, na nyuma ya kigingi maji hutulia kidogo. Kichwa ni kigingi hicho. Kichwa chetu ni kipana, chakinga sauti nyingi, na tofauti ya sikio hili na lile hutuambia kelele imetoka upande gani. Kichwa cha panya kikinge nini? Sauti nyembamba sana pekee, zenye viwimbi vidogo. Ndiyo maana panya husikia kuanzia karibu Hz 500 hadi kupita kHz 60, na hata kilio chake cha hofu hukipiga kwenye kHz 22, juu kidogo tu ya mpaka wetu. Yule fuko asiye na manyoya, anayeishi mashimoni huku kwetu Kenya, hana haja hiyo. Shimoni sauti haina kushoto wala kulia, na usikivu wake huishia karibu kHz 12.

Njia yetu ilikuwa rahisi kuieleza: panya anafundishwa kwamba akisikia mlio aende kwenye kisahani, atapata kipande cha karanga. Ukishaelewana naye, unashusha sauti kidogo kidogo mpaka afikie kubahatisha. Kiwango anachokipata nusu ya mara ndicho kizingiti chake kwa masafa hayo, yaani kwa idadi hiyo ya mitetemo kwa sekunde. Wiki tatu za kwanza panya wetu alikuwa hodari kupita kiasi. kHz 8, mbio kwenye kisahani. kHz 20, mbio. Mpwa wangu akabonyeza 40, panya akakimbia tena, na mimi nikasikia filimbi.

Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Nikaisikia tena, wazi kabisa. Ikiwa masikio yangu mimi yaisikia, basi hiyo si 40.

Tatizo lilikuwa laptopu. Kadi yake ya sauti ilikuwa ikichukua sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 48,000 kwa sekunde, na kifaa cha namna hiyo hakiwezi kutoa sauti iliyopita nusu ya hapo, yaani kHz 24. Ukiilazimisha kwa programu isiyochuja, 40 hujikunja ikarudi chini: 48 kutoa 40, ni 8. Na kHz 8 ni mahali ambapo sikio la panya ni kali mno. Tulikuwa tunampigia mlio anaoupenda na kuuandika kwa jina la mwingine. Data ya wiki tatu tukaitupa. Tafuta kadi ya sampuli 192,000, na usiamini namba iliyoandikwa kwenye skrini. Weka maikrofoni ya kupimia, inayofika masafa hayo, pale kitakapokuwa kichwa cha panya, usome kilichotoka.

Nasema pale pale, si karibu na pale. kHz 32 kwa joto letu ina urefu wa wimbi wa sentimita 1 na kitu kidogo, kama upana wa kidole. Sauti hiyo ikigonga ukuta wa kizimba na kurudi, hukutana na nyenzake: mahali pamoja zinaongezana, pengine zinauana. Nilisogeza maikrofoni nusu ya kidole na desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zikaporomoka zaidi ya 10 mbele ya macho yangu. Desibeli 20 ni shinikizo mara 10, kwa hiyo hilo si kosa la kupuuza. Tuliondoa kizimba cha plastiki tukaweka cha wavu mwembamba, tukatandika sponji kila upande, na panya akafundishwa kutia pua kwenye kitundu kimoja kabla ya kila mlio, kichwa kisitangetange.

Na usiwashe mlio ghafla. Ukiuwasha ghafla hutoa "tak" yenye masafa ya kila namna, na panya atajibu hiyo tak huku wewe ukishangilia kwamba amesikia kHz 90. Upandishe na kuushusha polepole, kwa milisekunde kadhaa.

Chumba sasa. Sisi tuliogopa kelele za mji: tuktuk, jenereta, honi ya feri. Tukahamia saa nane za usiku, kabla kunguru hawajaanza zogo lao la alfajiri. Kimya kizuri, mtu angelala. Kisha nikaazima kifaa cha kusikilizia popo, kile kinachoshusha sauti za juu zikasikika na mtu, nikakiwasha. Chumba kilikuwa kinaunguruma! Chaja ya simu ikilia, taa ya kuokoa umeme ikilia, na funguo zangu zilipogongana mfukoni zilivuma kama matari. Panya alikuwa akifanya mtihani katikati ya gulio. Tulichomoa kila kitu na kutumia taa ya betri.

Hewa ya Mombasa nayo ina yake. Maikrofoni za kupimia haziwezi unyevu: huanza kutatarika, na wewe utadhani ni kelele ya chumba. Zihifadhi kwenye kopo lililozibwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Lililokosekana kwetu mpaka mwisho, na ningelianza nalo, ni zamu za kimya. Kila baada ya milio kadhaa, fanya kila kitu kama kawaida ila usitoe sauti. Tulipozijaribu mwishoni, panya wetu mmoja alikwenda kwenye kisahani karibu nusu ya zamu hizo. Alikuwa akisikiliza kiti cha mpwa wangu, ambacho hulia kila anapoinama kubonyeza.

Wengine watakuambia uache mafunzo yote utumie sindano: panya analazwa kwa dawa, sindano nyembamba zinatiwa chini ya ngozi ya kichwa, na kompyuta inajumlisha umeme wa neva kwa mamia ya milio. Ni haraka, saa badala ya wiki. Lakini kizingiti chake kwa kawaida hutoka juu kuliko cha panya aliye macho, na mwili ukipoa kwa dawa mawimbi ya umeme huo huchelewa, kwa hiyo umpashe joto. Usichanganye namba za njia hizi mbili kwenye jedwali moja.

Swali la mwisho huwa si la wanafunzi, ni la majirani: je, vile vidude vya kuchomeka ukutani vya kufukuza panya vinafanya kazi? Nilikipima kimoja cha soko la Marikiti. Mbele yake kinapiga kelele kweli. Weka gunia la mchele katikati, kimya. Dadangu amekichomeka chake nyuma ya friji, na panya hupita mbele yake kila usiku kwenda kwenye unga.