Herufi za mwanzo za jina la mtoto: maswali yenu na majibu

Maswali mengi yaliyonifikia mwezi huu ni ya wazazi wenye jina zuri mkononi lakini wenye hofu moja: ukichukua herufi za mwanzo za majina matatu ya mtoto, unapata neno la aibu au la kuchekesha. Nimefundisha shule za bweni kwa miaka mingi, na jambo hili silipuuzi. Ndoo zikipangwa foleni bombani asubuhi, hakuna iliyoandikwa jina zima. Kila moja ina herufi tatu za maka peni, na bweni zima linazisoma.

Shikamoo Mwalimu. Nina ujauzito wa miezi saba. Mume wangu ni Issa, baba yake ni Ali. Nianzie wapi ili mwanangu asije akachekwa? (Mama kijacho, Morogoro)

Marahaba mwanangu, na Mungu akujalie ujifungue salama. Kazi yako ni nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu herufi mbili kati ya tatu umeshazikuta. Mtoto atafuatiwa na jina la baba na la babu, kwa hiyo mwisho wake ni I.A. Unachochagua ni herufi moja tu.

Chukua karatasi, andika IA, kisha pitisha alfabeti yote mbele yake. B inakupa BIA, na huyo Baraka wako atatajiwa baa zote za mjini kabla hajamaliza darasa la kwanza. L inatoa LIA. Latifa akikwaruzwa kidogo tu ataambiwa "haya, lia basi!" F inatoa FIA, na hiyo ningeikwepa kabisa. K ni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haina ubaya. M ni MIA, P ni PIA, hazimdhuru mtu. N ni NIA, nayo naipenda sana. H, R na Z hazitoi neno lolote la kila siku, kwa hiyo Hawa, Rashidi na Zainabu wamesalimika.

Angalia pia kinachosababisha hali hii. Maneno ya Kiswahili hujengwa kwa konsonanti na irabu. Baba au babu akiwa Issa, Omari, Ali, Idi au Athumani, herufi zinasomeka kwa urahisi. Daudi Omari Abdallah ni DOA, Omari Zuberi Ali ni OZA, Irene Benedict Anthony ni IBA. Familia ya kina Juma na Rashidi haina shida hiyo, kwani J.R. haisomeki hata uweke konsonanti gani mbele. Mwisho, jaribu pia herufi mbili, ya kwanza na ya mwisho, maana ofisi nyingi huruka jina la kati. Tumaini Musa Bakari ni TMB kwenye ndoo, lakini akiandikwa kwa majina mawili anakuwa TB.

Mwalimu, tumempenda Neema. Baba ni Yusufu, babu ni Athumani. Dada yangu amecheka mpaka machozi, hataki kuniambia kwa nini. (Dodoma)

Andika hizo herufi tatu pamoja uzisome kwa sauti ukiwa peke yako. Hili ningelibadilisha bila kusita, kwa sababu watoto hawatalisahau hadi wamalize shule. Mwite Rehema. Maana yake iko jirani sana na Neema, na R.Y.A. haisemi kitu. Mkitaka cha kufurahisha, Pendo anawapa PYA.

Baba mkwe anataka mjukuu wake wa kwanza wa kiume aitwe jina lake, Selemani. Mume wangu ni Omari. Mtoto atakuwa SOS! Nimwambieje mzee bila kumkosea heshima? (Tanga)

Usimwambie kitu. Mpe mjukuu wake.

Mtoto akirithi jina la babu mzaa baba, herufi ya kwanza na ya mwisho lazima zifanane. Ali Bakari Ali ni ABA, Musa Athumani Musa ni MAM. Hivyo ndivyo urithi wa jina unavyofanya kazi, na atakayeona herufi hizo atajua mtoto ni wa nani. Zaidi ya hayo, SOS si tusi. Ni ishara ya kuomba msaada baharini iliyokubaliwa na mataifa mjini Berlin mwaka 1906, na hapa Tanzania watu wengi wanaijua kutokana na vijiji vya kulelea watoto. Mtoto akitaniwa kwa herufi hizo, utani wenyewe hauumi. Bali kumnyima mzee jina lake kwa sababu ya herufi tatu kungemuumiza kweli, na ungeishi na jambo hilo ndani ya ukoo kwa muda mrefu.

Tuko Ohio, Marekani. Tunatarajia mtoto wa kiume, tunataka Khalid. Baba ni Khamis, ukoo ni Kombo. Rafiki Mmarekani alipoona herufi alishtuka. Nyumbani KKK ni kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Tufanyeje?

Badilisheni. Ni kweli kwetu kila mwalimu wa darasa la kwanza na la pili anaitamka KKK kwa fahari. Lakini mtoto wenu atasoma huko, na huko herufi hizo ni za Ku Klux Klan, kundi lililoanzia Tennessee baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, likaua na kutesa watu weusi kwa vizazi kadhaa. Kwa mtoto mweusi kubeba herufi hizo kwenye begi na kwenye fulana ya mpira ni mzigo mzito mno, na kila atakayekutana naye itambidi aamue kama aulize au anyamaze.

Fomu za huko zinawaruhusu kuchagua jina la kati mnalotaka, lakini nawashauri mwacheni Khamis mahali pake ili ndugu wa nyumbani wamtambue, mbadilishe la kwanza. Jina lolote lisiloanza kwa K linatosha. Wazazi mlio Ulaya nanyi muulize wenyeji kabla ya kusajili. Ujerumani, kwa mfano, hawatoi namba za gari zenye SS kwa sababu ya kumbukumbu za Wanazi, wakati kwetu Salma Saidi ni jina la binti yeyote.

Nimesoma kwamba mtu mwenye herufi mbaya hufa mapema. Ni kweli? Mwanangu amezaliwa na herufi zinazosomeka vibaya, na sasa silali. (Mwanza)

Lala, mama. Ulichosoma kilitokana na utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1999. Ulidai kwamba wanaume wenye herufi kama PIG, yaani nguruwe, au DIE, yaani kufa, walifariki karibu miaka mitatu mapema kuliko wengine. Mwaka 2005 watafiti wengine waliwapanga watu kwa mwaka wa kuzaliwa badala ya mwaka wa kufa, na tofauti ile haikuonekana tena. Herufi zinaweza kumletea mtoto utani. Umri wake haziugusi.

Binti yangu yuko darasa la tano, anaitwa Upendo Thomas Isaya. Tangu wenzake wamejua UTI ni ugonjwa gani, hataki kwenda shule. Nikambadilishie cheti cha kuzaliwa? (Mama Upendo, Iringa)

Pole sana, wewe na yeye. Hiyo si shida ndogo, na usikubali mtu akuambie kwamba watoto ni watoto.

Anza na vitu kabla ya vyeti. Leo jioni kaeni pamoja mfute UTI kwenye kila kitu: begi, ndoo, kola ya shati la shule, jalada la daftari. Andikeni "Upendo" kwa herufi kubwa, basi. Kesho nenda kwa mwalimu wa darasa, umwombe naye aandike Upendo Thomas kwenye orodha zinazobandikwa ukutani, na awakanye wanaomtania bila kumtaja binti mbele ya darasa. Nimeona utani wa namna hii ukipoa baada ya herufi zenyewe kutoweka machoni.

Cheti usikimbilie. Jina la kwenye cheti cha RITA linatakiwa lifanane na la vyeti vya shule na baadaye la kitambulisho cha NIDA. Likitofautiana, utapanda na kushuka ngazi za ofisi ukitafuta viapo na hati ya kubadili jina. Kama familia imeshaamua kubadili, fanyeni kabla hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba, kwa kuwa jina hilo litamfuata.

Mwambie pia habari ya Ulysses Grant, rais wa 18 wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1822 akaitwa Hiram Ulysses Grant, na herufi zake, HUG, kwa Kiingereza ni kukumbatia. Alipokuwa anakwenda chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1839, alitaka kuanza na Ulysses ili asichekwe. Alipofika alikuta ameshaandikishwa kimakosa kama Ulysses S. Grant, na akabaki na jina hilo maisha yake yote. Binti yako ataona kwamba hata jenerali aliwahi kuona haya kwa sababu ya herufi tatu.

Huku Kilifi tunataka Olivia Dama Mwaringa. Mjomba anasema tumemwandikisha mtoto chama cha ODM!

Mwacheni mjomba acheke. Vyama hupanda na kushuka, na kina KANU waliotawala Kenya tangu uhuru hadi mwaka 2002 leo si wale wa zamani. Dama ni jina la Kigiriama lenye wenyewe, lishikeni.

Tumejaliwa mapacha wa kiume, Hassan na Hussein. Baba Juma, babu Mohamedi. Wote ni H.J.M. Je, kuna tatizo? (Kigoma)

Hongereni sana! Aibu haipo, ila mkanganyiko upo. Wasukuma wamelimaliza hili kwa Kulwa na Doto, kila mmoja na herufi yake. Ninyi mmependa majina ya wajukuu wa Mtume, na sitawaambia myaache. Jiwekeeni tu utaratibu: jina la kwanza lisifupishwe kamwe, liwe Hassan J.M. na Hussein J.M. Muanze na kadi za kliniki. Mwombeni muuguzi aandike pia "pacha wa kwanza" na "pacha wa pili", kwa sababu chanjo ya mmoja ikiandikwa kwenye kadi ya mwenzake, mmoja atachomwa mara mbili na mwingine atakosa.