Jibu: Je, Nyerere alimtambua Amin baada ya mapinduzi ya 1971?

Mkuu, hapana, hakumtambua kabisa kama rais wa Uganda. Amin alimpindua Rais Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Obote akaja hapa Dar, Mwalimu Nyerere akampa hifadhi.

Umeuliza kwa nini basi Jumuiya ya Afrika Mashariki haikufa mwaka ule ule. Watendaji waliendelea na kazi: reli, bandari, posta, ndege. Kilichokufa ni kikao cha marais watatu, wa Tanzania, Kenya na Uganda, maana Mwalimu alikataa katakata kukaa meza moja na Amin. Bila kikao hicho, maamuzi makubwa yalikwama, na 1977 Jumuiya ikavunjika. Ugomvi wetu na Kenya ulichangia pia, tusimbebeshe Amin peke yake.

Wengi husahau Mkataba wa Mogadishu, Oktoba 1972. Wapiganaji wa Obote walivamia Uganda wakitokea kwetu, wakashindwa, Rais Siad Barre wa Somalia akasuluhisha: majeshi yakae kilomita 10 kutoka mpakani. Kwangu mimi ule ulikuwa usitishaji wa mapigano tu. 1978 Amin akaingia Kagera, na Aprili 1979 majeshi yetu yakaiteka Kampala.