Crohn: nafuu ya prednisoloni isikudanganye

SWALI: Daktari, nina ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo, ulithibitishwa kwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo) na kipimo cha kinyama. Nilianzishiwa prednisoloni miligramu 40 na ndani ya wiki mbili kuhara na maumivu vikakoma. Sasa dozi inapunguzwa, nimeongezewa azathioprini. Hii ya pili natimiza wiki ya nne sioni kazi yake, na shemeji amesoma kuwa ni dawa ya waliopandikizwa figo. Naweza kuiacha nikabaki na prednisoloni kidogo kidogo? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Tena usiache hata moja kabla ya kuonana na aliyekuandikia.

Swali hili naulizwa kila mara, na chanzo chake ni kilekile: dawa inayoleta nafuu upesi ndiyo huonekana dawa. Prednisoloni ni steroidi, dawa inayoiga homoni ya mwili; hutuliza uvimbe haraka, lakini haiuzuii ugonjwa kurudi. Utajiona mzima huku utumbo ukiendelea kulika, mpaka ubane au utoboke, na hapo ni upasuaji. Wakati huohuo uso unaumuka, sukari inapanda, mifupa inapungua nguvu.

Azathioprini haina papara: huchukua wiki 8 hadi 12, pengine zaidi. Ndiyo maana unapewa zote mbili kwa muda. Shemeji hajakosea, waliopandikizwa figo huitumia kweli, kwa kuwa inapunguza makali ya kinga ya mwili; na katika Crohn kinga hiyohiyo ndiyo inayoushambulia utumbo. Usikose kupima damu, chembe nyeupe na ini, mara kwa mara miezi ya mwanzo. Ukiandikiwa alopurinoli, dawa ya gauti (ugonjwa wa maumivu ya viungo), sema mapema kwamba unatumia azathioprini. Zikikutana bila dozi kurekebishwa, chembe nyeupe zinaweza kushuka vibaya.

Kinachonikera zaidi ni makopo ya unga wa "kusafisha utumbo". Maabara za nchi mbalimbali zimeshakuta deksamethasoni, steroidi kali kuliko prednisoloni, ndani ya dawa zinazouzwa kama mitishamba mitupu. Mgonjwa ananenepa mashavu, anamsifu muuzaji. Kopo likiisha anaanguka: kizunguzungu, kutapika, presha chini. Tezi zilizo juu ya figo zilishazoea kuletewa homoni kutoka nje, zikaacha kutengeneza ya kwao. Hata prednisoloni ya duka la dawa, ukiimeza kwa wiki kadhaa kisha ukaikata ghafla, inaweza kukufikisha hapo.

Halafu kuna TB ya utumbo, inayofanana na Crohn kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa. Steroidi juu ya TB isiyotibiwa huipa nafasi ya kusambaa. Ndiyo maana kabla ya sindano kama infliksimabu, inayotumika kwa Crohn tangu 1998 na ambayo nayo hupunguza kinga ya mwili, tunapiga eksirei ya kifua na kupima TB. Muuza kopo hakuulizi hata kama unakohoa.

Kama nawe umeshaonja unga wa aina hiyo, nenda nao kliniki pamoja na vidonge vyako, hata kama lebo imebanduka. Hatutakugombeza, tunataka kujua tu dozi ishushwe kwa mwendo gani.